Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Mtera, Hombolo na Sulunga: tuachieni ukingo wa maji, Septemba hadi Novemba

KWA: Wizara zenye dhamana ya maji na nishati, TANESCO, Bodi za Maji za Bonde la Rufiji, Bonde la Wami/Ruvu na Bonde la Kati, halmashauri zinazopakana na Bwawa la Mtera, Bwawa la Hombolo na Ziwa Sulunga.

YAH: KUTUNZA NA KUFUNGUA UKINGO WA MAJI KWA AJILI YA NDEGE WAHAMAO

Ndugu viongozi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaandika sasa, kabla mwezi wa nane haujaisha, kwa kuwa ombi letu lina msimu wake na msimu hausubiri vikao. Hatuombi fedha za mradi. Hatuombi megawati hata moja ipunguzwe. Tunaomba mambo matatu: takwimu za kina cha maji ziwekwe hadharani, kibali cha kuhesabu ndege kiwe cha maandishi, na vipande vichache vya ukingo viachwe vitulie kwa miezi mitatu.

Dodoma haina vuli. Mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Maji ya Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo hulijaza Bwawa la Mtera hadi kilele chake baada ya mvua, kisha bwawa hushuka pole pole kiangazi chote. Mengine huzungusha mitambo ya hapo hapo Mtera na kwenda kuzungusha ile ya Kidatu huko chini. Mengine huchukuliwa na jua na upepo. Wakati bwawa linashuka, kaskazini mwa Ulaya na Siberia baridi inaingia, wadudu wanaisha, na ndege waliozaliana huko wanashuka kusini. Wanafika hapa kuanzia mwishoni mwa Julai, wanaongezeka Septemba, na wanafurika Oktoba na Novemba. Kwa hiyo wanalikuta bwawa likiwa katika hali wanayoihitaji hasa: maji yanayorudi nyuma na kuacha tope bichi.

Tope hilo ndilo kiini cha barua hii, basi tulieleze vizuri. Kitwitwi mdogo anayeitwa kitaalamu Calidris minuta ana uzito wa gramu 20 hadi 30 tu, na miguu yake haimruhusu kula kwenye maji yanayozidi sentimita 2 au 3. Mwenzake mkubwa zaidi, Calidris pugnax, ambaye wengi wa wanaofika Afrika Mashariki hutoka Siberia, anaweza kuingia hadi sentimita 5 au 6. Wenye miguu mirefu zaidi wanasogea mbele hadi sentimita 15. Wote wanatafuta mabuu ya wadudu na minyoo iliyo katika tabaka la juu la tope. Tope likikaa juani siku tatu au nne linakuwa gamba, mdomo haupenyi, na chakula kilichomo kinakufa au kinazama chini. Maana yake ni kwamba chakula kiko katika utepe mwembamba tu, pale maji yanapokutana na nchi kavu, na utepe huo unahama kila siku.

Kwenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 500, maji yakishuka sentimita 2, utepe mpya wa mita 10 unafunuka. Mtera ni bwawa pana na la kina kifupi, na sehemu nyingi za kingo zake zimelala, hivyo kushuka kidogo kunafunua eneo kubwa. Bwawa likijaa hufikia mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na kutandaa takriban kilomita za mraba 600. Katika hali hiyo sentimita moja ya maji ni mita za ujazo milioni 6. Bwawa la ukubwa huo halishuki kwa kuruka ruka, na mwendo wake wa taratibu unawafaa ndege kuliko bwawa dogo la umwagiliaji linalofunguliwa ghafla na kukauka kwa wiki moja. Wahandisi wenu wanawatunza ndege bila kukusudia. Kinachoharibu kazi hiyo kinatokea ukingoni, wala si kwenye milango ya bwawa.

Kwa nini basi tusingoje sensa ya Januari? Hesabu ya kimataifa ya ndege maji, ambayo barani Afrika ilianza mwaka 1991, hufanywa Januari, na ni nzuri kwa kujua nani amekaa. Haiwezi kusema nani amepita. Sehemu kubwa ya ndege wa Oktoba na Novemba wako safarini kuelekea kusini mwa Afrika. Wanashuka siku chache, wanakula, wanajaza mafuta mwilini na kuondoka. Ikifika Januari mvua imenyesha, maji ya mito yameingia, tope limefunikwa na nyasi za ukingoni zimeota. Anayehesabu Mtera mwezi huo peke yake ataandika kwamba bwawa lina ndege wachache wa tope, na kwa tarehe hiyo atakuwa sahihi. Ripoti yake ndiyo itakayokaa mezani pale mtu atakapoomba kibali cha kulima ukingo wote.

Sasa tuje kwenye kina cha maji. Vipimo vinasomwa na vinaandikwa. Tunaomba visomwe na wengine pia. Namba moja kila Jumatatu, kwa mita juu ya usawa wa bahari hadi sentimita, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya bonde na kwenye mtandao. Mhesabu akijua kwamba maji yameshuka sentimita 12 tangu wiki iliyopita atajua aanzie wapi, gari liishie wapi, na tope gani bado halijabeba mtu. Na baada ya miaka mitano namba hizo zikiwekwa kando ya hesabu za ndege zitaonyesha ni kina kipi kinachofungua malisho mengi zaidi. Bila kina, mwaka wa ndege wengi na mwaka wa ndege wachache hauelezeki: huenda wamepungua kweli, huenda maji yalikuwa juu tu wakakaa kwingine.

Kuhusu kibali, tunaelewa kwamba ukuta wa Mtera na nyumba ya mitambo ni maeneo nyeti. Mtu mwenye darubini karibu na bwawa la umeme lazima aulizwe maswali, na mlinzi anayemuuliza anafanya kazi yake. Tatizo la kibali cha mdomo ni kwamba kinakufa zamu inapobadilika. Aliyeruhusu saa 12 asubuhi ameondoka saa 2, na aliyeingia hana habari. Tunapendekeza karatasi moja, pande mbili. Upande wa kwanza: majina ya wahesabu, namba za vitambulisho vyao, tarehe, saa za kuanza na kumaliza, namba ya gari, namba ya simu ya afisa aliyetia saini. Upande wa pili: ramani yenye vipande vinavyoruhusiwa, na masharti. Masharti yenyewe tunayapendekeza sisi: hakuna kusimama ndani ya mita 500 kutoka ukutani, hakuna kuelekeza teleskopu wala kamera kwenye mitambo, hakuna ndege nyuki (droni), na kuripoti getini wakati wa kuingia na kutoka. Nakala ibaki kwenye kibanda cha walinzi tangu siku moja kabla. Kibali kinachotolewa Dodoma bila nakala kufika getini ni sawa na hakuna.

Ili muone kwamba tunachoomba kuruhusiwa kina utaratibu, hii ndiyo kazi yenyewe.

Kuhesabu kunaanza saa 12 na nusu asubuhi na kuisha saa 3 na nusu. Baada ya hapo tope linapata joto, mazigazi yanaanza kucheza juu yake, na kitwitwi aliye mita 300 anakuwa doa linalotetemeka. Wengi hukosea hapa: wanavuta teleskopu hadi mara 60 wakidhani wataona vizuri zaidi, kumbe wanayakuza mazigazi pia. Kukuza mara 20 hadi 30 kunatosha kuhesabu; 60 ni ya kutazama rangi ya miguu asubuhi na mapema. Darubini ya mkono ya 8x42 au 10x42 ni ya ndege walio angani. Anayehesabu asubuhi asimame upande wa mashariki wa maji, jua likiwa mgongoni. Akisimama magharibi ataona vivuli vyeusi tupu na kuandika ubashiri. Stendi ishushwe chini, mtu apige goti au akae, kwa sababu upepo wa Dodoma mwezi wa tisa na wa kumi hauachi stendi ndefu itulie.

Ukingo unagawanywa vipande vya kilomita 1 hadi 2, kila kimoja na alama yake ya kuanzia na kumalizia: mti mkavu, jiwe, mwalo wa wavuvi. Timu ni watu wawili, mmoja jicho halitoki kwenye teleskopu, mwingine anaandika. Kabla ya kuhesabu wanakaa kimya dakika 10, maana ndege waliojilaza nyuma ya madonge na kwenye alama za kwato hujitokeza baada ya muda. Kisha aina moja moja, kutoka kushoto kwenda kulia. Kundi likiwa kubwa, hesabu 10 mmoja mmoja, angalia wanachukua nafasi gani, panua hadi 50, halafu tumia 50 hizo kama kipimo. Wanaoanza kazi hii karibu wote hupunguza idadi, hasa ya vitwitwi wadogo wanaojificha kati ya miguu ya wakubwa. Hesabu mbili zikipishana zaidi ya asilimia 10, inafanywa ya tatu, na zinachukuliwa mbili zinazokaribiana. Kozi, ndege mwindaji, akipita na kundi likiruka, mwandishi anaandika saa na upande walikoelekea, ili wasihesabiwe tena kipande cha mbele. Ambaye hajatambuliwa anaandikwa hivyo hivyo, hajatambuliwa. Kipande kisicho na ndege kinaandikwa sifuri. Sifuri iliyoachwa wazi haina thamani, kwa sababu anayesoma baadaye hawezi kujua kama palihesabiwa.

Kwenye fomu pia tunaandika umri pale inapowezekana. Calidris pugnax mzima ana miguu ya rangi ya machungwa, kijana ana ya kijani iliyofifia. Dume ni mkubwa waziwazi kuliko jike, kiasi cha mgeni kudhani ni aina mbili. Calidris minuta kijana ana mistari myeupe mgongoni inayounda herufi V. Wazima hutangulia, vijana hufuata Septemba na Oktoba. Idadi ya vijana inatuambia kama huko kaskazini walizaliana vizuri mwaka huo, na hivyo inawaondolea lawama ninyi wenye mabwawa pale kupungua kunapoanzia kwingine.

Umbali ni jambo ambalo halina mjadala. Kwenye ukingo ulio wazi makundi huanza kuruka mtu akikaribia mita 100 au chini yake, kwa hiyo sisi tunasimama mita 150 hadi 200. Ndege anayejiandaa kuruka tena maelfu ya kilomita akirushwa mara nane kwa asubuhi moja anamaliza alichokula. Hili linawahusu pia wapiga picha, ambao baadhi yao, tuseme ukweli, ni wasumbufu kuliko ng'ombe.

Ng'ombe wenyewe hatuna ugomvi nao. Mifugo inayokunywa na kupita inabana nyasi ziwe fupi, kwato zinachimbua tope, na kinyesi kinaleta wadudu. Kinachofukuza ndege ni mbwa wanaoandamana na mifugo, kokoro, yaani wavu unaokokotwa kwenye maji ya kina kifupi, na kilimo kinachofuata maji hadi mstari wa mwisho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au bwawa. Lakini Mtera, mita 60 kutoka wapi? Zikipimwa kutoka kwenye maji ya Oktoba, mpaka unahama kila wiki na mkulima wa mwezi wa nane anajikuta halali mwezi wa kumi bila kung'oa mche. Zikipimwa kutoka mstari wa mita 698.5, eneo lote linalofunuliwa kiangazi liko ndani ya bwawa, na kilimo chochote humo ni cha ruhusa yenu, yenye masharti yenu. Wekeni nguzo za zege kwenye mstari huo, hata kama ni nguzo moja kila nusu kilomita. Leo kila mtu anaukadiria kwa macho.

Hatuombi kingo zote zifungwe. Watu wanaishi kwa perege, kambale na bustani za ukingoni. Tunaomba vipande vitatu au vinne Mtera, kila kimoja kilomita 2 kwa urefu na mita 300 kutoka ukingo wa maji kwenda nchi kavu, mpaka ukisogea pamoja na maji. Kati yao mapalio ya mifugo yabaki, na mialo ibaki ilipo. Vipande vichaguliwe na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi na serikali za vijiji, kwa sababu wao ndio wanaojua ni wapi tope halipitiki na viboko hutokea wapi usiku. Kipande kilichochaguliwa ofisini kwa kutazama ramani kitaangukia kwenye mwalo, na kitavunjwa wiki ya kwanza.

Nyavu ni suala fupi. Nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, zilizoachwa kwenye vigingi maji yanaporudi nyuma zinanasa ndege usiku, kwani hazionekani wala haziozi. Mnapofanya doria ya kukamata nyavu haramu majini, pitieni na ukingo uliokauka, mng'oe vigingi pamoja na kilichoning'inia.

Kuna nyaya pia. Njia kubwa za umeme zinapita eneo la Mtera kwenda Dodoma. Ndege wakubwa kama korongo weupe hawagongi nyaya nene zinazobeba umeme mara nyingi kama wanavyogonga waya mwembamba wa juu kabisa, ule wa kukinga radi, kwa sababu wanauona wakiwa wamechelewa. Alama za plastiki za kuzungusha kwenye waya huo, moja kila mita 5 hadi 10, zifungwe pale njia inapovuka maji au tope. Wakati mzuri wa kuzifunga ni siku ambayo mafundi wamezima njia kwa matengenezo mengine.

Hombolo ni habari nyingine. Bwawa hilo, lililojengwa mwaka 1957, ni dogo, liko mwendo wa saa moja hivi kutoka Dodoma mjini, na timu mbili zinaweza kulimaliza kwa asubuhi moja. Mashapo yamelijaza kiasi cha kuligeuza sehemu za juu kuwa kinamasi cha matete. Kwa mhandisi hiyo ni hasara; kwa ndege ni makazi, ila matete yakiziba ukingo wote tope halionekani tena. Kama mtapanga kuondoa mashapo, fanyeni kati ya Juni na Agosti, sehemu moja moja, na acheni upande mmoja uwe na mteremko mlalo. Kuchimba wima pande zote kunaongeza ujazo na kuondoa kila ndege wa tope.

Hombolo pia ndipo pa kuanzia kwa shule za jiji. Kibanda cha kutazamia hakihitaji mkandarasi: ukuta wa matete wa urefu wa mita 4, upande wa mashariki wa maji, na nafasi mbili za kuchungulia, moja kwa urefu wa mita 1.2 kwa watu wazima na nyingine sentimita 90 kwa watoto. Njia ya kukifikia nayo izungushiwe matete, la sivyo ndege huona foleni ya wanafunzi na kuondoka kabla hawajafika. Watoto wasikanyage maji bila viatu; kichocho kipo.

Matete hayo hayo ndiyo wanamolala kweleakwelea. Hatupingi wakulima wa mtama na uwele kulindwa. Ila dawa ya fenthioni ikinyunyizwa kwenye matete yaliyosimama majini inaua wengine wengi, na kozi, korongo na tai wanaokula mizoga wanakufa baada yao. Wahesabu wakipewa taarifa saa 48 kabla, wanaweza kwenda kuangalia nani mwingine analala humo, na asubuhi ya pili kusaidia kuokota mizoga na kuifukia.

Ziwa Sulunga, kule Bahi, hatuliombei kibanda. Hukauka miaka ya ukame, na likiwa na maji huwa na ndege wengi. Tunaloomba ni ofisi ya Bonde la Kati ituambie maji yakiwepo. Hapa kuna ugumu ambao ni wenu kuutatua: Mtera iko chini ya Bonde la Rufiji, Hombolo chini ya Wami/Ruvu, Sulunga chini ya Bonde la Kati. Ndege anaruka kutoka bodi moja hadi nyingine kabla ya kifungua kinywa. Sulunga ikikauka, Mtera hupokea, na ongezeko la Mtera likisomwa peke yake litaonekana kama neema. Fomu iwe moja kwa mabonde yote matatu, na siku za kuhesabu ziwe zilezile.

Tanzania imo katika makubaliano ya kuhifadhi ndege maji wahamao wa Afrika na Ulaya-Asia tangu 1999, na katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu tangu 2000. Maeneo yake manne yaliyoorodheshwa Ramsar ni Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Hakuna hata moja ambalo ni bwawa la kujengwa. Vigezo viwili vya orodha hiyo ni vya hesabu tupu: ndege maji 20,000 kwa kawaida, au asilimia 1 ya jamii nzima ya aina moja. Hatusemi Mtera inavifikia. Tunasema hakuna atakayejua bila kuhesabu katika miezi ambayo ndege wapo.

Tunapendekeza hesabu tatu kwa mwaka: Jumamosi ya pili ya Septemba, ya Oktoba na ya Novemba. Ile ya Oktoba huangukia Siku ya Kimataifa ya Ndege Wahamao. Nakala za fomu zitafika ofisi zote tatu za mabonde na kituo cha Mtera ndani ya siku saba baada ya kila hesabu, na takwimu zitaingizwa kwenye Atlasi ya Ndege wa Tanzania. Kwa Septemba tunahitaji jibu la kibali hadi tarehe 31 Agosti. Likichelewa, tutahesabu Hombolo peke yake na kuandika Mtera "haikuhesabiwa".

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wahesabu wa ndege maji, Dodoma na Iringa